Kikombe cha Nguzo ya Simu na Chumvi ya Bibi

Kikombe cha nguzo ya simu hakisimami. Ukikiweka kama kinavyokaa juu ya nguzo, mdomo chini, kinatulia; ukikigeuza ili kishike kitu, kinalala ubavu, maana kitako chake ni cha mviringo kama kisogo cha mtoto. Kila aliyekitumia nyumbani ilimbidi akisukie kata ndogo ya majani makavu ya mgomba, mfano wa ile ya kubebea mtungi kichwani, kikakaa humo kama yai kwenye kiota. Naanza na hilo kwa sababu vijana ninaowaambia kwamba bibi yangu alipimia chumvi kwa kikombe cha simu hudhani nazungumzia simu ya mkononi iliyouzwa pamoja na kikombe.

Waya wa simu wa zamani haukuachwa uguse mti. Ulifungwa shingoni mwa kipande kinene cha kioo, na kioo hicho kilivishwa juu ya kijiti kilichosimama kwenye nguzo. Kwa umbo kilifanana na kikombe kilichofunikwa, nasi tukakiita kikombe. Niliwahi kuhesabiwa mjuzi wa vikombe hivyo, kuanzia Mbozi mpaka mpakani Tunduma. Ujuzi huo ulinipatia baiskeli kwa majuma matano.

Ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya Mwingereza. Nilikuwa nimetoka sekondari na cheti nilichokitunza ndani ya Biblia kisikunjamane, nikapata kazi kwenye kikosi cha mafundi wa laini. Wenzangu walipanda nguzo. Mimi nilibaki chini na daftari, nikiandika nguzo gani imeoza, nguzo gani imesuguliwa na ng'ombe mpaka imeinama. Laini ya zamani ilikuwa inashushwa, na vikombe vya kioo vinaondolewa ili viwekwe vyeupe vya kauri. Vile vya kioo mnyapara wetu alituamuru tuvitupe majanini.

Havikukaa majanini. Wengine walivitia mafuta ya nyonyo na utambi, vikawa taa. Wengine waliwanyweshea vifaranga. Katekista mmoja alikuwa navyo vinne, vikikandamiza pembe nne za karatasi zake za mahubiri, na waumini walisema siku upepo ukiwa mkali mahubiri huwa mafupi kwa sababu anaogopa kuviondoa.

Aliyenifanya mjuzi alikuwa Mzungu mmoja, mkulima wa kahawa upande wa Iyula. Ujana wake aliumaliza kwenye kazi za simu huko kwao, na uzeeni alivipenda vikombe vile kama wengine wanavyopenda njiwa. Alivipanga kwenye rafu ndefu barazani, mahali jua la asubuhi linapoingia, na vikiwaka kwa pamoja baraza lote lilikuwa na madoa ya kijani na buluu mpaka kwenye suruali yake. Siku moja alisimamisha gari kando ya kikosi chetu, akaniona nimeshika kimoja, akauliza nakijua ni kitu gani. Nikamjibu kwa maneno ya kitabu cha sayansi. Akacheka, akaniambia nije Jumapili baada ya ibada.

Jumapili ile alinifundisha. Kwanza rangi: usiitazame kivulini, inua kikombe mbele ya jua, maana kuna kijani cha chupa, kuna kijani cha maji ya mtoni, na kuna kioo kilichokuwa cheupe ambacho jua la miaka mingi limekigeuza zambarau kidogo. Kisha herufi zilizochapwa ubavuni, na mshono wa mahali vipande viwili vya kalibu ya kumiminia kioo vilipokutana. Kisha mapovu ya hewa yaliyonasa ndani ya kioo. Kisha pitisha ukucha mdomoni kuzunguka. Ukucha ukikwama, kimemeguka. Kigonge kwa kucha usikie kama kinalia au kinakohoa. Kinachokohoa kina ufa. Mwisho kabisa, tia kidole ndani.

"Karibu vyote vina meno ya skrubu ndani," alisema kwa Kiswahili chake cha kujikongoja. "Kama hakuna meno, laini kabisa, hicho wewe usimpe mtu. Leta hapa. Mimi nitakupa ile." Akaonyesha baiskeli iliyoegemea ukuta, nyeusi, kuukuu, yenye kengele.

Tangu siku ile nilikuwa mtu mwenye macho. Siku za soko Tunduma nilikaa kwenye kigogo karibu na wauza samaki wakavu, na watu wakaniletea vikombe, hata kutoka ng'ambo ya mpaka. Aliyekuwa na kizuri nilimpa kitu alichotuma mkulima: koti kuukuu, sufuria, fulana. Waliniletea pia vitako vya chupa, vizibo vya chupa za dawa, na mara moja jicho la kioo ambalo mpaka leo sijajua lilitoka kwa nani. Mama mmoja mfanyabiashara wa ng'ambo aliniwekea mkononi kikombe cheupe cha kauri kipya kabisa.

"Mukwai, angalia vizuri," alisema, akiniita bwana kwa lugha ya kwao. "Hiki hakina hata vumbi."

"Mama, hiki umekitoa wapi?"

"Nimeuziwa na kijana mmoja."

"Bado kina kipande cha waya."

"Huo nakupa bure, mukwai. Nyongeza."

Siku hiyo simu kati ya Mbeya na Tunduma ilikuwa imekatika tangu alfajiri, na mimi ndiye niliyeandika taarifa ya kutafuta sababu. Nilimsihi akirudishe. Alikirudisha, lakini aliniambia kwamba kwa mtu mwenye masomo mengi hivyo, sina akili ya biashara.

Kisicho na meno hakikutokea. Nilitia kidole kwenye vikombe mpaka ngozi ikachubuka. Usiku niliota kengele ya ile baiskeli.

Mwezi wa saba nilipewa siku tatu za mapumziko, nikaenda kijijini kwetu mlimani, Hasamba, kumsalimia bibi, mama yake baba. Ndiye aliyenilea. Kwa desturi ya kutaniana na wajukuu aliniita mume wangu, na mke wangu wa siku zijazo, ambaye hakujulikana bado, alimwita mwizi.

"Mume wangu umekonda," alisema. "Hao wa simu wanakulisha waya?"

Akanipikia. Wakati chakula kikiwa motoni, jirani kutoka ng'ambo ya kijito, mke wa mzee wa kanisa, alikuja kuazima chumvi, na hapo ndipo nilipokitazama upya kitu nilichokiona kila siku ya utoto wangu.

Chumvi yetu ya zamani ilitoka Ivuna, bondeni. Wanaume walishuka wakati wa kiangazi, wakarudi nayo vikapuni wamevimba miguu, na shehena ile ilipaswa kufika mpaka kiangazi kingine. Nyumba iliyoishiwa iliazima kwa nyingine. Ili pasiwe na maneno, mlima wetu wote ulikuwa na kipimo kimoja, nacho kilikaa kwa bibi: kikombe cha nguzo ya simu, cha kijani, ndani ya kata yake, juu ya chungu cha chumvi. Babu alikuwa mmoja wa wapagazi waliobeba vifaa vya laini ya kwanza zamani za Wajerumani, akakipata huko. Ukiazima, bibi alikupimia kwa kikombe hicho. Ukirudisha, ulikuja pale pale, ukapima kwa kikombe hicho hicho. Hata wawili walioazimana wao kwa wao walikuja na chumvi yao uani kwa bibi. Hakuna aliyewahi kusema amepunjwa, na bibi aliona fahari kwa hilo kuliko kwa ng'ombe wake watatu.

Alitia kidole gumba ndani ya kikombe, akakizungusha mara moja kufuta unyevu, akamimina chumvi, akaisawazisha mdomoni kwa gumba lile lile, akakipindua mikononi mwa jirani. Chumvi ilitoka yote. Hakuna chembe iliyobaki ndani.

Kama kingekuwa na meno ya skrubu, chembe zingebaki.

Nilingoja jirani aondoke. Nikakichukua, nikatia kidole. Kilikuwa laini kama ndani ya ganda la yai. Nilikiinua kwenye mwanga wa mlango: kijani cha maji ya mtoni, mapovu kama ulezi. Sikio langu likasikia kengele.

Ningeweza kumwambia bibi ukweli: kuna mtu anakitaka, nami nataka baiskeli. Angekataa kwa sababu kipimo hakikuwa chake peke yake, na nilijua angekataa. Kwa hiyo nilikigonga kwa kucha, nikakunja uso kama daktari.

"Bibi, hiki kina ufa."

"Ufa? Wapi?"

"Ndani ya kioo. Hauonekani kwa jicho la kawaida. Siku moja kitakupasukia mkononi."

Alikipokea, akakigeuza geuza, macho yake ya uzee yakitafuta. "Mimi sioni," alisema. "Lakini wewe ndiye uliyesoma."

Maneno hayo aliyasema bila kejeli yoyote. Nilimwahidi kikombe bora, na kabla ya siku zangu tatu kuisha nilikuwa nimemnunulia kikombe cha bati lililopakwa rangi, chenye maua mekundu na mkono wa kushikia. Kile chenye ufa nikasema nitakwenda kukitupa mbali, watoto wasijikate.

Kabla ya kukipeleka Iyula nilifanya kosa la pili. Nilikisugua kwa jivu, mchanga na ndimu mpaka kikang'aa kama kimezaliwa jana. Kwetu kitu cha kumpa mgeni hakitolewi kichafu. Mkulima alipokiona alishangilia kwanza, kisha akashika kichwa. "Umeosha umri wake wote!" alisema. Hata hivyo alitia kidole ndani, akatabasamu, akanipa baiskeli. Nikapanda mpaka Tunduma nikipiga kengele hata pasipo na mtu wa kumpisha.

Bahati ikija huja na ndugu zake. Mwezi huo huo nilipata vingine viwili visivyo na meno, kutoka kwa mzee mmoja wa Isongole aliyekuwa akivitumia kuzuia mlango. Navyo nikavisugua, maana mikono ilikuwa imezoea, nikavipeleka Iyula kwa kuvibadili na mipira mipya ya magurudumu.

Nilirudi Hasamba kwa baiskeli baada ya majuma matano, nikitarajia kushangiliwa. Uani kwa bibi nikakuta watu wamesimama, na katikati kikombe cha maua kimewekwa juu ya kinu kama mshitakiwa.

Kikombe cha maua kilikuwa kikubwa kuliko kile cha kioo. Aliyeazima kwa kioo aliambiwa arudishe kwa maua, akaona anaonewa. Mmoja alishauri wajaze nusu. Mwingine akauliza nusu ya nani. Kijana mmoja alikwangua alama kwa msumari ndani ya bati, wakabishana kama chumvi ifike juu ya alama au chini yake. Mke wa mzee wa kanisa, yule yule wa siku ile, ndiye aliyeukata ubishi.

"Mama mkubwa, sisi hatusemi umefanya kusudi," alimwambia bibi. "Tunasema tu kwamba tangu kikombe kibadilike, chungu chako ndicho kinachojaa."

Bibi aliinuka. Alichukua kifuniko, akafunika chungu cha chumvi, akaweka jiwe juu. Watu wakatawanyika mmoja mmoja. Tangu nizaliwe sikuwahi kuona jiwe juu ya chungu kile.

Tulipobaki wawili aliniambia, "Mume wangu, ulikitupa wapi kile cha ufa? Nenda ukakilete. Ufa haupunguzi chumvi."

"Bibi, kitakukata."

"Kinikate. Nina vidole kumi. Jina ninalo moja. Wanaume walioshuka Ivuna wanarudi juma lijalo; wakinikuta na haya maua, hakuna atakayeleta chumvi yake hapa tena."

Nilipanda baiskeli mpaka Iyula. Mkulima alinisikiliza, na niseme haki yake, hakukasirika. "Baiskeli inabaki, wewe unachukua kikombe. Kimoja," alisema. "Chagua chako." Kwenye rafu vilikuwa vitatu vimekaa pamoja, vya kijani, visivyo na meno, vimesuguliwa kwa mkono mmoja mpaka vikawa kama mapacha watatu.

Mimi, mwenye macho ya Mbozi mpaka Tunduma, nilivitazama juani, nikavigonga, nikapitisha ukucha. Nikajaribu hata kuvilamba, nikitumaini chumvi ya miaka yote ile imebaki kwenye kioo, lakini ndimu na jivu vilikuwa vimefanya kazi yao. Mpishi wa mkulima alikuwa mlangoni amejishika mbavu. "Kaka, kama una njaa sema," alisema, "ugali upo."

Nikachagua chenye kijani kizuri zaidi, nikatembea kwa miguu mpaka Hasamba, nikimwomba Mungu kiwe chenyewe. Bibi alikipokea, hakukitazama. Alitia gumba ndani, akalizungusha mara moja, akanirudishia.

"Hiki ni cha watu," alisema.

"Bibi, ndicho. Nimekiosha tu."

"Mume wangu, kidole hiki kimeingia humo kabla baba yako hajaota meno. Chini kabisa, upande wa kushoto, kuna kipele cha kioo. Hapa kipele kiko katikati." Akainuka, akachukua kanga na fimbo. "Twende."

Nilimwambia ni mbali. Alisema mbali ni Ivuna. Tulilala njiani kwa jamaa, na asubuhi tukawa barazani Iyula. Mkulima alitoa kiti, bibi akakataa kukaa kabla hajamaliza lililomleta. Nikavipanga vikombe vitatu mezani, nilichorudi nacho na viwili vya rafuni. Gumba likaingia kwenye cha kwanza, likatoka. Likaingia kwenye cha pili.

"Huyu hapa," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu tuondoke nyumbani akacheka.

Mkulima alitaka kuamini kwamba amebahatisha. Akamwomba ageuke, akavichanganya, akaongeza na vingine. Bibi akageuka, akakichomoa tena. Mara tatu. Mara ya nne alimwambia, "Baba, mimi nimeacha kuku wangu peke yao." Mkulima alivua kofia. Mimi sikuwahi kuvuliwa kofia na mtu yeyote pale.

Kisha bibi alikiinua kikombe mbele ya jua, kama mkulima alivyokuwa akifanya, akakigeuza polepole, macho ameyabana. "Na ule ufa?" aliniuliza. "Sasa ninyi wasomi mko wawili. Nionyesheni."

Mkulima alikichukua, akakigonga. Kililia vizuri kama kengele ya baiskeli. "Hakuna ufa," alisema. "Kizima kabisa."

Bibi alinitazama. Alitazama baiskeli iliyoegemea ukuta, pale pale ilipokuwa zamani, na kwa muda mfupi nikamwona anaunganisha vitu viwili. Akakifunga kikombe kwenye pembe ya kanga, akamuaga mwenye nyumba. Njia nzima alizungumza habari za kuku.

Wanaume wa Ivuna walirudi siku nne baadaye. Majirani wakakusanyika, jiwe likaondolewa, kikombe cha kijani kikawekwa kwenye kata yake. Mke wa mzee wa kanisa alikiinamia karibu. "Si mlisema kina ufa?"

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo. Maneno ya kukiri nilikuwa nayo mdomoni tangu Iyula. Bibi akaniwahi.

"Ulikuwepo," alisema. "Mjukuu wangu alikipeleka kwa fundi wa Kizungu, akautibu. Ila tukitunze. Kisitiwe maji ya moto, wala watoto wasikiguse." Akatia gumba, akazungusha, akampimia yeye wa kwanza. Yule mama alipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante mama mkubwa, na uani pakarudi kelele za kawaida.

Mwanamke ambaye hakuwahi kumpunja mtu chembe ya chumvi alisema uongo mbele ya mlima mzima, na aliusema kwa ajili yangu, nami nikaupokea kama nilivyopokea chakula chake siku zote. Kiangazi kilichofuata nilishuka Ivuna kwa miguu na wanaume, nikamletea kikapu kichwani. Alinisifu shingo. Tulikuwa tumeelewana, nadhani, lakini hatukulizungumza, na miaka michache baadaye tukamzika.

Kikombe kipo mpaka leo, nyumbani kwa dada yangu mdogo, Hasamba. Chumvi siku hizi inakuja kwenye pakiti. Wao hupimia hamira. Pasaka iliyopita nilikwenda, nikamwona mkwe wa dada yangu akikiosha kwa maji baridi, kwa ncha za vidole, kama anayeosha kichanga. Mtoto mmoja alikisogelea, akafokewa. Nikauliza kwa nini.

"Babu, si kina ufa?" alisema yule mkwe. "Bibi mkubwa aliacha neno. Kisitiwe maji ya moto."

Basi nikawakalisha wote, nikawaeleza kama nilivyoeleza hapa: baiskeli, ukucha, uongo wangu, na uongo wa bibi uliofuata wa kwangu. Walicheka sana pale pa kulamba. Nilipomaliza nilikigonga kwa kucha wakisikie kinavyolia. Kikalia.

Dada yangu alinipokonya kwa upole, akakirudisha kwenye kata yake.

"Kaka, tumekusikia," alisema. "Lakini bibi hakuwa mtu wa kusema uongo."

Wakaendelea kukiosha kwa maji baridi.